Matairi ya Trela la Boti: Kashata Zipo, Tairi Limekwisha

Mwenye boti hukagua matairi ya trela kwa mazoea ya gari. Anainama, anatazama kashata, yaani vinundu vya mpira vinavyogusa barabara, anaona mifereji bado ina kina, anaridhika na safari inaanza. Kwa gari linalotembea kila siku ukaguzi huo una maana, kwa sababu tairi lake huisha kwa kulika na barabara. Tairi la trela la boti haliishi hivyo. Trela linaweza kukaa miezi minane pale pale lilipoegeshwa, kisha siku moja ya jua kali likabebeshwa mzigo wake wote na kukimbizwa barabara kuu kwa saa kadhaa. Kilomita linazotembea kwa mwaka ni chache mno kuweza kumaliza kashata. Kinacholiua ni joto, mzigo na umri, na vyote vitatu havisomeki kwenye kashata.

Ndiyo maana matairi haya hupasuka yakiwa bado yanaonekana mapya. Mengi ya kuzuia hilo yameandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe, kwa herufi na tarakimu ambazo watu wengi hawazisomi. Tuanze nazo.

Herufi zinazotangulia kipimo

Kwa mfumo wa Marekani, kipimo cha tairi la trela huanza na ST, kwa mfano ST205/75R14. Hapo 205 ni upana wa tairi kwa milimita, 75 inasema ubavu una urefu wa asilimia 75 ya upana huo, R ni muundo wa radiali, na 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Herufi ST ndizo za kutazamwa kwanza: zinasema tairi limetengenezwa kwa ajili ya trela tu. Tairi la gari la abiria huanza na P, au halitanguliwi na herufi yoyote. La pikapu na magari madogo ya mizigo huanza na LT.

Trela halijisukumi wala halina usukani. Tairi lake lina kazi ya kubeba mzigo na kuhimili misukumo ya pembeni. Boti ni mzigo mrefu unaokaa juu. Upepo wa lori linalopita au kona ya ghafla huutikisa kushoto na kulia. Ubavu laini, uliotengenezwa ili abiria wasihisi mashimo, hujikunja kila mtikisiko unapokuja, na trela likianza kuyumba huyumbisha na gari linalolivuta. Ubavu wa tairi la ST umefanywa mgumu ili upunguze mchezo huo. Kwa sababu hiyo hiyo halifai kufungwa kwenye gari: mshiko wake barabarani na tabia yake kwenye kona na breki havikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Je, tairi la gari la abiria lililobaki gereji lifungwe kwenye trela? Kwa trela jepesi inawezekana, lakini kanuni ni kwamba uwezo wake wa kubeba ugawanywe kwa 1.1. Tairi lililoandikwa kilo 690 linahesabiwa kuwa la kilo 627 tu likiwa chini ya trela. Tairi la LT halipunguziwi hivyo, na kwa trela zito ni chaguo la heshima kabisa, mradi rimu na nafasi chini ya madigadi vinaliruhusu. Mwenye trela lenye matairi ya mfumo wa Ulaya atakuta maandishi kama 185R14C 102/100. Herufi C hapo ni ya magari ya biashara, 102 ni namba ya uwezo wa tairi likiwa peke yake upande mmoja wa ekseli, na 100 ni uwezo wake yakifungwa mawili mawili bega kwa bega. Trela la boti linatumia ile ya kwanza.

Boti ina uzito gani hasa?

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, kwa hiyo tuifanye hesabu polepole.

Karatasi ya muuzaji inasema boti ina kilo 1,100 na trela kilo 400. Jumla 1,500. Sehemu ya uzito huo, tuseme asilimia 10, inaegemea kwenye kiungio cha gari linalovuta, kwa hiyo ekseli inabaki na kilo 1,350. Kama ekseli ni moja, kila tairi linabeba 675. Jedwali la namba za uwezo linasema namba 95 ni kilo 690. Inaonekana inatosha.

Ila uzito wa karatasini mara nyingi ni wa boti tupu. Injini ya nje ya nguvu farasi 150 inaongeza zaidi ya kilo 200, tuweke 220. Petroli lita 200 ni takribani kilo 150. Betri, nanga na mnyororo wake, maboya ya kujiokolea, sanduku la barafu, vifaa vya uvuvi na maji ya kunywa vinafika kilo 130 kabla mtu hajagundua. Sasa jumla ni kilo 2,000. Ondoa asilimia 10, gawanya kwa mbili: kilo 900 kwa kila tairi. Tairi la namba 95 limezidiwa kwa kilo 210, na kwa macho hakuna kilichobadilika.

Namba inayobeba kilo 900 ni 104. Mimi nisingeishia hapo. Tairi linalofanya kazi kwenye kikomo chake muda wote halina akiba ya kupokea shimo, wala ya kustahimili upepo ukipungua kidogo. Nyongeza ya asilimia 20 inatupeleka kilo 1,080, na namba ya kwanza inayozidi hapo ni 111, yenye kilo 1,090. Gharama ya kupanda ngazi hizo ni ndogo ukilinganisha na boti inayokokotwa kwa rimu kando ya barabara kuu.

Njia bora kuliko hesabu zote ni mizani. Pakia boti kama unavyoipakia siku ya safari, tangi likiwa limejaa, upime ekseli peke yake trela likiwa bado limefungwa kwenye gari. Mizani ikikuruhusu kupima upande mmoja mmoja, fanya hivyo. Betri na tangi vikiwa upande mmoja, tairi la upande huo hubeba zaidi ya nusu, na ndilo litakalotangulia kuharibika.

Matairi ya ST huonyesha pia daraja la mzigo kwa herufi. Kwa radiali za kawaida, daraja B hufikia uwezo wake likijazwa psi 35 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo ndani ya tairi), C psi 50, D psi 65 na E psi 80. Zamani herufi hizo zilihesabu tabaka za kitambaa ndani ya tairi: plai 4, 6, 8 na 10. Siku hizi nyuzi ni imara zaidi na tabaka halisi ni chache, hivyo fundi anaposema “plai 6” anataja kiwango cha nguvu. Kupanda daraja ni jambo jema, lakini tazama na vinavyolishika tairi. Rimu ina kikomo chake cha mzigo na cha upepo, na valvu za kawaida za mpira hazikutengenezwa kuzidi psi 65. Daraja E kwenye rimu ya daraja C na valvu ya mpira ni hatari mpya badala ya ile ya zamani. Wala tairi lenye nguvu zaidi haliongezi uwezo wa ekseli au springi. Kibao cha trela ndicho chenye kauli ya mwisho juu ya mzigo.

Mwendo

Matairi mengi ya ST, hasa yasiyo na herufi ya mwendo, yamewekewa kikomo cha maili 65 kwa saa, yaani kilomita 105. Yenye herufi L yanaruhusu kilomita 120, M 130, na N 140. Gari la kisasa linavuta boti kwa kilomita 120 bila dereva kuhisi chochote, na hapo ndipo tairi lisilo na herufi linapoanza kupikwa. Matrela madogo yenye magurudumu ya inchi 8 yako kwenye hali ngumu zaidi. Gurudumu la kipenyo cha sentimita 42 hivi linazunguka zaidi ya mara 1,200 kwa dakika kwenye kilomita 100 kwa saa, wakati tairi la gari linalolivuta linazunguka kama mara 800. Kila mzunguko ni mkunjo mmoja wa ubavu, na beringi zake nazo zinakimbia kwa kasi hiyo hiyo.

Kuhusu muundo, radiali ndiyo chaguo langu kwa safari ndefu. Nyuzi zake zinakwenda moja kwa moja kutoka ukingo mmoja wa tairi hadi mwingine, na chini ya kashata kuna mkanda wa nyaya za chuma. Linapoa vizuri zaidi. Tairi la zamani lenye nyuzi zinazopishana kwa mshazari lina ubavu mgumu na bei nafuu, lakini hupata joto haraka. Linatosha kwa boti ndogo inayotoka nyumbani hadi ufukweni. Usichanganye aina hizo mbili kwenye trela moja.

Upepo ndio unaobeba

Mpira na nyuzi za tairi hushikilia umbo. Kinachobeba boti ni upepo uliobanwa ndani, na ukipungua, uwezo wa kubeba unapungua nao. ST205/75R14 la daraja C linabeba takribani kilo 798 likiwa na psi 50. Tairi hilo hilo likiwa na psi 35 linabeba kilo 649. Karibu kilo 150 zimeondoka kwa kila tairi.

Sasa rudisha ile miezi minane ya kukaa. Tairi zima, lisilo na pancha yoyote, hupoteza upepo kidogo kidogo kupitia mpira wenyewe, kiasi cha psi 1 hadi 2 kwa mwezi. Lililoachwa na psi 50 linaweza kusubiri safari likiwa na 36 au 37. Kwa macho limesimama vizuri, maana ubavu mgumu wa ST hauanguki kama wa gari, na teke la mguu halitakwambia lolote. Kama lilikuwa linabeba kilo 700 kwa raha, sasa limezidiwa kabla halijatoka getini, na hakuna aliyeongeza hata kamba.

Kinachofuata ni joto. Ubavu wenye upepo mdogo hujikunja sana kila unapogusa barabara na kunyooka unapoachia, na kila mkunjo unaacha joto kidogo ndani ya mpira. Mpira haupitishi joto vizuri, kwa hiyo linajikusanya pale tairi lilipo nene, kwenye mabega, ambapo kingo za mkanda wa chuma zimegandishwa na mpira. Gundi hiyo inachoka. Ufa mdogo unaanza kati ya mkanda na mpira, unatembea, na siku moja kashata yote inabanduka kama ganda, ikipiga madigadi na sakafu ya boti. Madhara hayo hayaponi. Ukigundua katikati ya safari kwamba tairi limekimbia na upepo ulio chini ya asilimia 80 ya kiwango chake, kulijaza hakutoshi. Livuliwe kwenye rimu na fundi alikague kwa ndani. Ubavu uliosagika huacha unga wa mpira na mikunjo inayoonekana.

Kwa hiyo jaza kiasi gani? Watengenezaji wengi wa matrela wanashauri kujaza hadi kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni, na kwa trela la boti nakubaliana nao, isipokuwa kibao cha trela kikisema vingine. Kiwango hicho ni cha tairi la baridi: halijatembea kwa saa tatu hivi na halijakaa juani. Shinikizo hupanda kwa takribani psi 1 kwa kila nyuzi joto 5 au 6, na mwendo unaongeza zaidi. Tairi la psi 50 likisoma 56 njiani, liko sawa; mtengenezaji ameshalihesabu ongezeko hilo. Usitoe upepo. Anayetoa upepo wa tairi la moto analiacha na upungufu, na upungufu unaleta joto zaidi.

Pima kwa geji yako mwenyewe, asubuhi ya kila safari. Kila unaposimama kupumzika, weka kiganja karibu na kila tairi na kila habu (kitovu cha gurudumu, chenye beringi ndani), kisha linganisha. Tairi moja likiwa na joto kuliko wenzake, lina upepo mdogo au limezidiwa. Habu moja ikiwa ya moto kuliko nyingine, shida iko kwenye beringi au breki. Vifaa vya kupima shinikizo vinavyofungwa kwenye valvu na kumwonyesha dereva namba vina faida kubwa kwa trela, kwa sababu dereva aliye mbele ya boti mara nyingi hahisi tairi la nyuma likiisha upepo.

Umri

Ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna mlolongo wa herufi unaoishia na tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpangilio huo wa tarakimu nne ulianza mwaka 2000. Ukikuta tarakimu tatu, tairi ni la karne iliyopita na halina mjadala. Mara nyingi tarehe kamili imepigwa upande mmoja tu, na upande huo ukawa umegeukia ndani. Itabidi ulale chini ya trela na tochi.

Mpira unazeeka hata bila kutembea. Oksijeni inaukausha, miale ya jua inaushambulia, na gesi ya ozoni inaupasua. Watengenezaji huchanganya nta na kemikali za kinga ambazo hupanda juu ya uso wa tairi kadiri tairi linavyojikunja likitembea. Tairi lililoegeshwa halijikunji, hivyo kinga inabaki ndani na uso unapata nyufa ndogo kama nywele. Ndiyo sababu tairi la trela linaweza kuzeeka haraka kuliko la gari la umri ule ule. Kipimo ninachokishikilia ni hiki: kuanzia mwaka wa tatu, ukaguzi wa kina kila kabla ya msimu; mwaka wa tano au wa sita, badilisha, hata kama kashata zote zipo. Nyufa zenye kina, uvimbe ubavuni, au sehemu ya kashata iliyoinuka havisubiri mwaka wowote.

Ukinunua, soma tarehe kabla ya kulipa. Tairi lililokaa stoo miaka mitatu limeshatumia sehemu ya maisha yake.

Trela linapopumzika, lifunike matairi kwa turubai lisilopitisha jua. Yaache na upepo kamili. Inua ekseli kwenye stendi imara kama inawezekana, au weka mbao chini ya matairi na usogeze trela kidogo kila baada ya wiki chache ili sehemu moja isibondeke. Usiliegeshe karibu na jenereta au mashine ya kuchomelea, maana mitambo ya umeme hutoa ozoni. Dawa za kung’arisha zenye mafuta ya petroli ziache. Zinaondoa kinga ileile unayotaka ibaki. Maji na sabuni vinatosha.

Maji ya chumvi

Chumvi haiudhuru mpira sana. Inakula rimu, na kutu inapoinuka pale ukingo wa tairi unapoketi, upepo unavuja taratibu bila pancha kuonekana. Fundi atazamisha tairi kwenye maji na kuona mapovu madogo pembezoni. Dawa ni kulivua, kusugua kutu, na kama chuma kimeliwa, kubadilisha rimu. Rimu za chuma zilizopakwa zinki hustahimili chumvi vizuri kuliko za rangi tupu. Suuza magurudumu kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila unapotoka baharini, upande wa ndani pia, na funika kila valvu kwa kifuniko chake.

Beringi ziko karibu sana na habari hii. Habu yenye joto ikizamishwa ghafla, hewa iliyomo inasinyaa na kuvuta maji kupitia sili. Grisi inageuka kuwa kama maziwa na beringi haitadumu. Ukifika kwenye mteremko wa kushushia boti, subiri habu zipoe kabla ya kurudi nyuma majini. Nati za magurudumu zikazwe kwa mpangilio wa nyota kwa kipimo cha trela husika, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 80 za kwanza tangu tairi lilipofungwa.

Ekseli mbili, na tairi la akiba

Kashata zina jambo moja zinalolieleza vizuri: namna zilivyolika. Zikilika katikati, upepo umezidi mzigo. Zikilika kingo zote mbili, upepo umekuwa mdogo. Zikilika upande mmoja tu, ekseli imepinda au imekaa vibaya, na tairi jipya litaharibika vilevile kama ekseli haikunyooshwa.

Trela la ekseli mbili linatuliza safari, lakini kwenye kona kali matairi yake huburuzwa pembeni, hasa wakati wa kurudi nyuma kwenye nafasi finyu. Pinda kwa upana kadiri nafasi inavyoruhusu. Hakikisha pia trela limekaa sawa likivutwa. Likiinama mbele, ekseli ya mbele inabeba zaidi ya fungu lake.

Tairi la akiba liwe la kipimo na daraja lile lile, lipimwe upepo pamoja na mengine, na tarehe yake isomwe, kwa kuwa mara nyingi ndilo zee kuliko yote. Jaribu nyumbani kama spana ya gari inaingia kwenye nati za trela, na kama jeki inafika chini ya ekseli na kuinua boti iliyopakiwa. Na kwenye trela la ekseli mbili, tairi moja likipasuka, usibadilishe hilo tu ukaendelea. Jirani yake wa upande ule ule alibeba karibu mzigo wa wawili kwa kila mita uliyotembea kabla ya kusimama. Mguse, mtazame mbavu zote mbili, endesha polepole hadi kwa fundi wa kwanza utakayemkuta, na umwambie alivue hilo pia.